Ukiielezea Lamu, Punguza "Kupendeza"

"Lamu ni mji mzuri wa kupendeza wenye mandhari ya kuvutia na watu wakarimu." Sentensi hii, au ndugu yake wa karibu, utaikuta kwenye insha za shule, kwenye vipeperushi vya hoteli na chini ya picha za mitandaoni. Sarufi yake ni safi na upatanisho umekaa sawa. Sasa ondoa Lamu, uweke Naivasha. Weka Kisumu. Weka Bagamoyo. Sentensi inasimama vilevile, haitikisiki hata kidogo. Maelezo yanayohamishika kutoka mji hadi mji bila kubadilisha neno hayajaeleza mji wowote.

Mwandishi akiambiwa hivi, mara nyingi huongeza sifa. Mji mzuri unakuwa "mji mkongwe mzuri mtulivu wa kuvutia macho", naye anaona amezidisha rangi. Ukweli ni kwamba tatizo lake halikuwa uchache wa sifa. Kiswahili kinahifadhi usahihi wake mahali pengine, na anayeutafuta kwenye vivumishi peke yake anapekua sanduku lisilo na kitu.

Kwanza tutenganishe aina mbili za sifa ambazo shuleni huwekwa kapu moja. Kuna zinazotoa hukumu: -zuri, -baya, ya ajabu, ya kutisha, ya kuvutia. Hizi zinatupa habari za mtazamaji, si za kitu kilichotazamwa. Na kuna zinazoeleza kilichoufikia mwili: -kavu, -bichi, -chachu, -zito, -laini, -a moto. Ukiniambia chai ilikuwa nzuri, najua tu kwamba uliipenda. Ukiniambia ilikuwa na tangawizi ya kukwaruza koo, nitaamua mwenyewe kama naitaka. Hukumu haijakatazwa. Mama mkwe akisema harusi "ilikuwa nzuri", hukumu yake ndiyo habari yenyewe, na kila aliyehudhuria atataka kujua aliisema kwa sauti gani. Lakini mwandishi anayehukumu kila kitu kabla ya kukionyesha anamnyima msomaji kazi yake.

Sasa tuje kwenye umbile la lugha yenyewe. Vivumishi vya asili vya Kiswahili si vingi, na kila kimoja hufuata nomino kikiwa kimevaa kiambishi chake. Andika "vijumba vidogo vizuri vyeupe" au "watu warefu wembamba wacheshi", kisha usome kwa sauti. Mwanzo wa neno unajirudia, na kufikia sifa ya tatu sikio limeacha kupokea maana, linapokea mlio tu. Mshairi anaweza kuufanyia kazi mlio huo kwa makusudi. Mwandishi wa nathari mara nyingi hajui hata kama upo. Kwa maoni yangu sifa moja inatosha, mbili zikibidi. Ya tatu itafutiwe njia nyingine ya kuingia, na njia hizo zipo tele.

Ya kwanza ni nomino. Boriti za mikoko za Lamu zilisafirishwa kwa majahazi kwenda Arabuni na Ghuba kwa karne nyingi, na wakataji hawakuishi kwa kusema "mti mwembamba" na "mti mnene". Walizipanga kwa unene: fito, kisha pau, mazio, boriti, nguzo. Anayeandika "mti mwembamba sana wa mkoko" ametumia maneno matano kufanya kazi ambayo fito ingeifanya peke yake, tena kwa uhakika zaidi. Mnazi nao uko hivyohivyo. Tunda lake huanza kidaka, likawa kitale, dafu, koroma, nazi, na likikauka mpaka nyama ikabanduka ndani ya kifuu, ni mbata. "Nazi changa" ni ipi kati ya hizo? Dafu lina maji ya kunywa na nyama laini ya kukomba. Kitale bado hakijafika huko. Msomaji wa pwani akikuta mhusika anakomba kitale kwa raha, ataanza kushuku na mambo mengine uliyoandika. Bahari ndiyo kabisa. "Maji mengi" na "maji machache" ni lugha ya mtu aliyesimama hotelini. Mvuvi ana bamvua mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, ana maji mafu katikati yake, na kila siku ana maji kujaa na maji kupwa.

Hapa inabidi nikate mzizi wa fitina, maana usahihi huchanganywa sana na ugumu wa maneno. Wanafunzi hufundishwa kukusanya "msamiati mzito": shadidi, maridhawa, sufufu. "Baridi shadidi" haituambii zaidi ya "baridi kali". Imevaa kanzu tu. "Pau" ni neno la kila siku kwa fundi wa makuti, lakini limebeba kipimo. Neno adimu si lazima liwe sahihi, na neno sahihi mara nyingi ni la kawaida kabisa kwa watu wa kazi hiyo. Na msomaji wa Machakos asiyeijua pau? Usimwekee maana kwenye mabano. Ipe pau kazi ya kufanya: "Walifunga fito juu ya pau kwa kamba za kumbi, tayari kupokea makuti." Ameshaelewa kwamba fito ni nyembamba kuliko pau na kwamba zote zinabeba paa, bila kuhitaji kamusi.

Njia ya pili ndiyo ninayoipenda kuliko zote: vitenzi vya hali. Tazama ukuta wa nyumba ya kale ya Lamu. Mji wa Kale uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na tangu hapo neno "kuukuu" limefanyishwa kazi kama punda. Lakini nyumba hizo zimejengwa kwa matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, na kila kimoja kina namna yake ya kuzeeka. Chokaa hubambuka. Pembe za matumbawe humomonyoka. Rangi ya dirisha hufubaa, mlango uliosimama juani hupauka, na boriti iliyopata unyevu huoza kichwani, pale inapoingia ukutani. Kila kitenzi kimebeba na chanzo cha uzee wake. Kanga huchujuka kwa kufuliwa, kofia huchakaa kwa kuvaliwa, ngozi ya mvuvi hupauka kwa chumvi, jani hunyauka kwa kiu, na uso hukunjamana kwa miaka. "-kuukuu" na "-zee" zinavifunika vyote hivi shuka moja. Ukiandika "kanga iliyochujuka", msomaji ameona beseni, sabuni na kamba ya kuanikia, nawe hujazitaja.

Lugha inaruhusu kitenzi hicho kifanye kazi ya kivumishi bila taabu: iliyobambuka, linalonata, yaliyoganda. Sehemu kubwa ya sifa za Kiswahili zinazokaa kichwani zimeumbwa hivi. Kwa hiyo mtu anayeuliza "nitumie kivumishi gani hapa?" angepata zaidi kama angeuliza "kitu hiki kimefanywa nini?"

Ukubwa nao huelezeka kwa tendo kuliko kwa "sana". Vichochoro vya Lamu ni vyembamba sana, ndivyo kila mtu anavyoandika. Vyembamba kiasi gani? Andika kwamba punda wawili wenye mizigo wakikutana, mmoja hurudi nyuma. Andika kwamba mtu aliyebeba sinia kichwani husimama kwenye kibaraza cha daka la nyumba ya watu kumpisha mwingine. "Sana" imeondoka na hakuna anayeiulizia. Joto la msimu wa upepo wa kaskazi, hasa Februari na Machi, nalo ni lilelile: "kali mno" inanisadikisha kidogo kuliko sakafu ya dari isiyokanyagika bila viatu.

Haya si mambo mapya katika visiwa hivi. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipoutazama mji wa Pate ulioanguka na kutunga utenzi wa Al-Inkishafi mapema katika karne ya 19, angeweza kutuambia kwamba majumba ya matajiri yalikuwa ya kusikitisha. Badala yake aliweka makinda ya popo yakining'inia juu, utando wa buibui, bundi akikoroma ndani ya nyumba, na ndege wakilala kwenye madaka ya ukutani yaliyokuwa ya sahani. Hilo la madaka linanishangaza kila nikilifikia. Daka la sahani linakwambia kwamba mwenye nyumba alikuwa na vyombo vya kaure vya kuonyesha wageni. Ndege aliyelala humo anakwambia yaliyobaki. Utajiri na kufilisika vimekaa kwenye shimo moja la ukutani.

Rangi ina utata wake. Mizizi ya rangi inayopokea viambishi katika Kiswahili ni mitatu: -eupe, -eusi, -ekundu. Nyingi kati ya zilizobaki tunazikopa kwenye vitu: kijivu ni jivu, kahawia ni kahawa, manjano ni kiungo cha jikoni, zambarau na chungwa ni matunda, kijani ni majani. Wengine huuona huu kuwa upungufu. Mimi nauona kuwa mazoezi ya bure, kwa sababu lugha inakulazimisha utafute kitu halisi chenye rangi hiyo, na ukishazoea hutaishia kwenye vitu hivi vilivyozoeleka. Wazee waliompa mtu rangi ya maji ya kunde walikuwa wametazama sufuria kwa makini.

Twende Malindi tukaone hasara ya kutotazama. Karibu kila insha ya Malindi ina "bahari ya buluu". Mto Sabaki, ambao juu huko huitwa Athi kisha Galana, unaingia baharini kaskazini ya mji, na mvua zikinyesha bara unashuka na udongo wa mashamba ya watu. Kaskazi ikivuma, tope lile husukumwa kusini hadi kwenye ghuba ya Malindi, na maji yanayopiga ufuoni huwa na rangi ya udongo wa kufinyangia vyungu. Ukienda kusini zaidi, kwenye hifadhi ya bahari iliyotengwa mwaka 1968, unaweza kuyakuta maji maangavu ukaona samaki juu ya matumbawe. Ni mji mmoja wenye bahari mbili. Aliyeandika "buluu" bila kufika hakudanganya kwa kukusudia. Alichukua neno lililokuwa karibu na mkono. Aliyefika akaona udongo, kisha bado akaandika buluu kwa kuwa ndiyo bahari inavyotakiwa kuwa, huyo ndiye ninayemgombeza.

Harufu ndiyo hisi inayopuuzwa kuliko zote, na Lamu bila harufu ni Lamu ya kadi ya posta. Lugha imetupa kunukia kwa uzuri na kunuka kwa ubaya, lakini hizo mbili bado ni hukumu. Chini yake kuna majina: shombo la samaki, uvundo wa kilichooza, ukungu wa nguo zilizokaa sandukuni, kikwapa. Kuna mavi ya punda kwenye vichochoro, na maji ya mitaro inayopita kando ya kuta. Vipeperushi havivitaji, na waandishi vijana wakaiga vipeperushi. Halafu kuna upande wa pili, nao pia huharibiwa na "manukato mazuri". Udi si ubani. Nguo zikifukizwa udi, huenda kuna harusi au mtu anajiandaa kutoka. Ubani ukitoka kwenye chetezo barazani, akili inakwenda kwenye maulidi au hitima. Mwandishi akitaja sahihi, ametaja na shughuli. Akikosea, msomaji wa Lamu amejikuta kwenye hitima badala ya harusi.

Harufu ina saa zake vilevile. Iliki ya mahamri ni ya asubuhi. Asumini hufunguka jioni, kwa hiyo mhusika anayepita uani saa sita mchana na kulewa asumini iliyo mtini amepewa pua ya saa nyingine. Tena harufu ina mwenyewe: mwenyeji hamsikii punda, mgeni aliyeshuka sasa hivi kutoka kwenye boti ya Mokowe hasikii kitu kingine. Kabla ya kuchagua sifa yoyote, amua pua ni ya nani. Mtoto wa miaka saba hatasema mazio, hata kama wewe mwandishi umelijua neno na unatamani kulionyesha.

Ladha nitaigusa kwa haraka, kwa sababu shida yake kubwa ni neno moja. "Kali" tumelipa pilipili, ndimu, kisu, jua na mbwa, na bado linaamka kila siku kwenda kazini. Liongezee jirani, useme ukali wa ndimu, ukali wa pilipili, au tumia jingine: uchachu wa maziwa yaliyolala, ukakasi wa ndizi mbichi unaobaki mdomoni hata baada ya maji.

Sauti ina hazina ambayo shuleni huitwa tanakali, na imeharibiwa kwa kukaririshwa. Giza lazima liwe totoro, kimya ji, nyeupe pe. Zilikuwa nzuri zilipozaliwa, lakini zimegandana na maneno yake kiasi kwamba hazisikiki tena. Nguvu ya tanakali iko pale inapoleta habari mpya. Kitu kikianguka chubwi, kuna maji. Tifu, kuna mchanga. Tapwi, kuna tope. Kwenye kichochoro chenye giza, "kiatu kilianguka, tapwi" kimetaja ardhi, hali ya hewa na bahati mbaya ya mwenye kiatu, na mwandishi hajaeleza kitu. Na kwa kuwa magari hayapiti ndani ya Mji wa Kale, sauti ndogo zinasikika huko kuliko miji mingine: kandambili zikipiga kisigino, kwato kwenye saruji, mchukuzi akiita "Simile!" ili apishwe kabla hujamwona, muuza kahawa akigonganisha vikombe. Adhana haziingii kwa pamoja. Msikiti mmoja hutangulia na mingine hufuata.

Nataka kuzungumza na walimu kidogo, kwa heshima zote. Ile kanuni ya "tumia hisi zote tano" inazaa ripoti za ukaguzi. Mtoto ameona, amesikia, amenusa, amegusa, kisha anatafuta kitu cha kuonja sokoni hata kama hana shilingi mfukoni. Hali ndiyo inayochagua hisi. Umeme ukikatika kichochoroni, mkono ulio ukutani na sikio vinatangulia; macho yapumzike. Mara nyingi hisi moja iliyotazamwa vizuri huamsha nyingine bila kuitwa.

Jambo jingine dogo lenye matokeo makubwa ni "niliona", "nilisikia", "nilihisi". Kiswahili kinaruhusu kusikia harufu, kusikia baridi na kusikia njaa, kwa hiyo "nilisikia" inajaa kila mahali na inasimama katikati ya msomaji na kitu. "Niliona mashua ikipita" ingetosha kuwa "mashua ilipita". Liache "niliona" pale ambapo kuona kwenyewe ni tukio, kwa mfano mtu aliyengojea boti tangu alfajiri na sasa ameiona.

Tuijaribu kazi yenyewe. Hii ni aya niliyoitunga kwa mfano wa nyingi nilizowahi kusahihisha:

"Ilikuwa asubuhi nzuri sana. Jua lilikuwa likitandaza miale yake ya dhahabu na upepo mwanana ulikuwa ukivuma. Bahari ya buluu ilikuwa ya kupendeza. Watu wengi walikuwa wakifanya shughuli mbalimbali na harufu nzuri za vyakula vitamu zilinukia kila mahali."

Na hii ni asubuhi hiyohiyo, mwandishi akiwa amesogea karibu:

"Maji yalikuwa yamekupwa, na mashua mbili mbele ya gati zimelala ubavu kwenye tope. Umande bado ulivuma kutoka bara, ukileta shombo. Mama wa mahamri alikuwa ameketi pale pale pa jana, chini ya ukuta uliobambuka chokaa. Kila alipofunua sinia, iliki ilitangulia mvuke. 'Simile!' mtu akaita nyuma yangu. Nikabana ukutani. Punda watatu wakapita na mifuko ya mchanga mbichi, maji yakichuruzika kwato kwa kwato."

Hesabu vivumishi vya asili katika aya ya pili: utapata -bichi peke yake, ukiziacha idadi. Kazi imefanywa na kukupwa, kubambuka, kutangulia, kubana na kuchuruzika, pamoja na nomino kama umande, shombo na gati. "-bichi" nimeibakiza kwa sababu mchanga mkavu haudondoshi maji, na bila sifa hiyo picha ya mwisho ingevunjika. "Watu wengi" wamepungua kuwa mama mmoja na mchukuzi asiyeonekana, na soko halijapungukiwa. "Pale pale pa jana" si hisi kabisa, ila linatuambia kwamba msimulizi ni mwenyeji, au angalau ameshalala mjini usiku mmoja.

Jua limetoka kabisa, na najua kuna watakaolitafuta, maana insha ya Kiswahili bila jua huonekana imekosa baraka. Likitakiwa sana, liingie pale lina kazi: kwenye kisogo cha mchukuzi, au kwenye samaki aina ya changu ambao muuzaji inambidi awasogeze kivulini kila kivuli kinapohama.